Mama Mwiko na Miezi ya Kikombe

Alipokuwa mtoto, Mama Mwiko alisifika nyumbani kwao kwa kitu kimoja: kula. Si kwamba alikuwa mnene. Alikuwa kijiti tu cha msichana, miguu kama ya korongo, lakini akishakaa mbele ya sinia ndugu zake wote walianza kuongeza mwendo. Baba yao, aliyekuwa seremala na mtu wa maneno machache, alikuwa akimtazama na kutikisa kichwa: "Tumbo la huyu mtoto nilisahau kulitilia sakafu." Wali ukiisha, yeye na dada yake mkubwa ndio waliobaki na sufuria, wakigombea ukoko kwa vijiko vya bati, mpaka mama yao apige kelele kutoka uani, "Mtaitoboa sufuria yangu, nyie!"

Jina la Mama Mwiko alilipata ukubwani, katika kantini ya kiwanda cha nguo. Aliingia pale kuosha vyombo akiwa bado binti, akapanda pole pole mpaka akawa mpishi mkuu. Alikuwa na mwiko mrefu wa mbao, mrefu kiasi cha kumfika kifuani, na aliutumia kukorogea, kuelekezea wasaidizi, na kuwatishia wale waliojaribu kupita kwenye foleni mara mbili. Kila sufuria aliionja mwenyewe. Tone moja kiganjani, ulimi, macho anayafumba, na jiko zima linanyamaza kusubiri hukumu. "Bado," angesema, au, "Pakueni."

Kisha likaja tumbo.

Mwanzoni lilimsokota baada ya kula tu, chini upande wa kulia, kama mtu aliyekaa humo ndani anakamua nguo. Halafu zikaja safari za chooni zisizokwisha, homa za jioni, na uchovu wa kumfanya akae kwenye gunia la viazi katikati ya kazi. Akasema ni minyoo, akameza dawa ya minyoo. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akameza dawa za vidonda. Jirani mmoja akamnong'oneza kwamba pale pana mkono wa mtu. Akakonda kama ng'onda. Kamba za aproni yake, zilizokuwa zikifika mgongoni kwa shida, sasa alizizungusha na kuja kuzifunga mbele. Mafundi cherehani wakamtania kwamba mpishi aliyekonda hivyo anakiharibia chakula chake sifa. Alicheka nao. Mchana mmoja akainama kuinua sufuria ya maharage, na hakuweza kunyooka tena.

Hospitali walimpima damu, wakampiga picha, wakampitishia kamera tumboni. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Aliwakalisha yeye na mumewe, akachora utumbo kwenye karatasi.

"Ugonjwa huu unaitwa Crohn," alisema. "Kinga ya mwili wako, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, imeugeuzia kibao utumbo wako mwenyewe. Umevimba. Na hapa, njia imekuwa nyembamba."

"Nilikula nini, daktari?"

"Hukula kitu kibaya, mama. Wala hakuna aliyekufanyia kitu."

"Unapona?"

Daktari hakuikimbilia ile "ndiyo". "Haumaliziki kabisa. Lakini unatulizwa, na watu wanaishi nao miaka mingi, wanafanya kazi, wanalea. Kwanza nataka utumbo upumzike. Kwa miezi kama miwili usile chochote cha kutafuna. Nitakupa maziwa maalumu ya unga, yana kila kitu ambacho mwili unakihitaji. Hayo, maji, na supu iliyochujwa mpaka uone kitako cha bakuli. Basi."

"Daktari," alisema Mama Mwiko, "mimi ni mpishi."

"Najua. Pole sana, mama."

Mumewe alikuwa fundi wa redio, na mtaa mzima, mkewe akiwamo, ulimwita Fundi. Muda wote huo alikuwa akizungusha kofia yake mikononi. Walipotokea koridoni ndipo akasema. "Sasa jina lako limekamilika, mke wangu. Chakula chenyewe kimekuwa mwiko."

Mama Mwiko akamkazia macho. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akajishika tumbo, na ndani ya kicheko hichohicho kilio kikamshika. Fundi akasimama pale korido amemshikia mkoba, watu wanawapita.

Maziwa yale yalikuja kwenye makopo makubwa, unga mweupe wenye harufu ya vanila iliyokosa keki. Siku ya kwanza Fundi alisema hawezi kumwacha mkewe peke yake, akajimiminia naye kikombe. Akapiga funda moja. Uso wake ukajikunja kama karatasi.

"Hii ni chaki," alisema. "Chaki iliyolala na sukari."

"Malizia," alisema mkewe. "Si ulisema tuko pamoja?"

Alimalizia, lakini kesho yake hakukumbuka kuahidi chochote.

Pole pole Mama Mwiko akajifunza njia zake. Maziwa yakiwa ya baridi sana yanapungua uchaki. Ukiyanywa kwa mrija, ulimi haupati nafasi ya kulalamika. Usiyabugie, kunywa kidogo kidogo huku unafanya jambo jingine, unakunja nguo, unaosha dirisha, mpaka kikombe kiishe bila wewe kujua. Supu iliyochujwa alijitengenezea mwenyewe, akaipitisha kwenye kitambaa safi mara mbili, na ile chumvi kidogo iliyokuwamo aliiona kama sikukuu.

Njaa ya tumbo iliondoka mapema kuliko alivyodhani. Iliyomtesa ilikuwa njaa ya meno. Alijikuta anatafuna mrija mpaka unakuwa bapa. Taya zake zilitaka kazi. Akikaa kimya tu, kumbukumbu zinamjia mdomoni kabla hazijafika kichwani: ganda la mkate uliotoka tanuruni, linavyopasuka, hindi la kuchoma linavyokuachia nyuzi kwenye meno, embe bichi na chumvi, wakiwa wanatoka shule, wakipokezana na dada yake mpaka kokwa linabaki jeupe. Vitu alivyovila maelfu ya mara bila kuvitazama. Sasa alivitazama. Alikumbuka hata sauti ya baba yake akitafuna, ile ya taratibu, kama mtu anayepiga randa, na akashangaa kwamba sauti hiyo ilikuwa imekaa ndani yake miaka yote hiyo na hakuijua.

Nyumbani watu wakaanza kutembea kwa vidole. Kila alipoingia sebuleni wakati wa chakula cha jioni, meza ilikuwa tupu na inang'aa. Akiuliza, anajibiwa wameshakula, au hawana njaa. Akaamini, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kutoamini. Mpaka jioni moja, jua halijazama, akatoka nyuma kuanua nguo, akawakuta. Fundi na binti yao kitinda mimba, msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, walikuwa wamechuchumaa kati ya pipa la maji na ukuta, sufuria katikati yao, wanakula kwa haraka kama wezi. Binti alikuwa na tonge mdomoni. Hakulimeza wala hakulitema.

"Kumbe," alisema Mama Mwiko.

"Mama Mwiko, tusikilize kwanza..." Fundi alianza.

"Mnakula nyuma ya pipa? Kwenye nyumba yangu mimi?"

"Hatukutaka uumie, mama," binti alisema, tonge limemfanya shavu kama mwenye jino bovu.

Mama Mwiko akaiangalia ile sufuria. Mchuzi ulikuwa mwepesi, vitunguu havikuiva, viazi vimekatwa kila kimoja na saizi yake. Kilichomuuma zaidi, alimwambia dada yake baadaye, ni kwamba walikuwa wamemficha chakula kibaya.

"Simameni," alisema. "Mimi nimezuiwa kula. Sijazuiwa kuwaona mkila. Mkinifungia na harufu, nitabaki na nini?"

Tangu jioni hiyo meza ikarudi. Yeye alikaa mahali pake pa siku zote, kikombe na mrija mbele yake, akiuliza, "Chumvi imekolea? Kiazi kimeiva mpaka ndani?" Na binti, ambaye hakuwahi kuulizwa mambo hayo, akajifunza kuyajibu. Zilikuwapo jioni ngumu. Jioni nyingine aliinuka kabla wenzake hawajamaliza, akaenda kujilaza amegeukia ukuta, na hawakumfuata. Lakini jioni nyingi walikula mezani, na yeye akiwapo.

Dada yake alikuja kumwona, akakaa wiki nzima. Alikuwa mjane, mwili mkubwa, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mchana wakiwa peke yao wawili, walikuwa na mchezo ambao hawakuupa jina: walipika kwa mdomo. Mmoja anaanza, "Siku ile mama alipokaanga samaki, mvua inanyesha," na mwingine anadakia, wanaenda nao hatua kwa hatua, mafuta, kitunguu, moshi ulivyowatoa machozi, nani alipewa kichwa na nani mkia.

"Nilikuwa nakushinda kwenye ukoko," alisema Mama Mwiko siku moja. "Kila siku nilikushinda."

"Wewe? Mimi ndiye niliyekuwa nakuachia. Nilikuwa nakwangua upande wangu pole pole makusudi. Hata ungemaliza sufuria nzima ungekuwa unalia bado."

"Dada, unatia chumvi."

"Acha nitie! Wewe si umepunguziwa?"

Walicheka mpaka binti akatoka chumbani kuja kuona kuna nini. Usiku ule, wakati wa kuagana kwenda kulala, Mama Mwiko alimwambia dada yake kwamba hakukumbuka mara ya mwisho walipokaa hivyo, wao wawili, bila harusi wala msiba.

Alirudi kazini kabla miezi ya kikombe haijaisha, kwa nusu siku, kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kunamwongezea ile njaa ya meno. Msimamizi hakutaka, lakini wafanyakazi walikuwa wamechoka na chakula cha mbadala wake. Shida ilikuwa kuonja. Daktari alikuwa amemwambia asicheze na hatua hii, na Mama Mwiko alikuwa akijijua: tone moja lingezaa kijiko, kijiko kingezaa bakuli. Kwa hiyo akamteua mtunza stoo, mzee aliyeitwa na wote Stoo, awe ulimi wake.

Stoo aliipokea kazi hiyo kwa heshima zote. Alinawa mikono, akafumba macho kama alivyomwona Mama Mwiko akifanya, akaonja. "Bado chumvi kidogo," akasema. Ikaongezwa. "Bado kidogo." Ikaongezwa. Mchana ule kiwanda kizima kilikunywa maji mpaka bomba la uani likaishiwa nguvu, na fundi cherehani mmoja akaja dirishani kuuliza kwa adabu kama leo wanapikiwa na bahari. Ndipo ikajulikana kwamba Stoo, tangu ujana wake, alikuwa anakula chumvi kama mtu anayekula njugu.

Mama Mwiko hakumfukuza. Alimwongezea mwenzake, msichana wa kuosha vyombo aliyependa chakula kisicho na chumvi nyingi, akawa anawasikiliza wote wawili na kukata katikati. Akaongezea pua yake, na macho, na sauti ya mchuzi unapoanza kuwa mzito. Haikuwa kama zamani. Lakini sahani zilirudi tupu.

Halafu ikafika siku daktari alipozitazama karatasi mpya na kutabasamu. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Dawa alizoanzishwa pamoja na maziwa zitaendelea, sindano nazo, ila sasa anaweza kuanza chakula, kitu laini, kimoja kimoja.

Alichagua kiazi. Alikichemsha mwenyewe, akakimenya, akakiponda kwa uma, chumvi kwa mbali. Fundi na binti walikaa mezani wakimtazama kama watu wanaosubiri redio iliyokufa ishike stesheni. Akaweka kidogo mdomoni.

Hakikuwa na ladha aliyoiota. Kilikuwa kiazi tu, cha moto, chenye unga unga. Lakini taya zilipokutana nacho, zikakielewa. Akatafuna, ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Machozi yakamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika sahani.

"Vipi?" Fundi aliuliza.

"Kimezidi kuiva," alisema, akachota kingine.

Si vyote vilivyorudi. Ile njia nyembamba ilibaki nyembamba, na daktari alimwambia waziwazi asahau hindi la kuchoma, njugu, na kila kitu kikavu chenye nyuzi. Ukoko nao ulikwenda na maji. Ameishi hivyo miaka mingi sasa. Ugonjwa umemrudia si mara moja. Akiona dalili, anakwenda hospitali, na wakimwambia arudi kwenye kikombe, anarudi, bila kelele kubwa, akijua kwamba kuna kutoka. Amestaafu kantini kwa sherehe ambayo alikula keki laini na supu, akacheza.

Dada yake alihamia nyumba ya karibu alipozeeka magoti. Siku za mapumziko hukaa wote wawili kwenye ngazi ya nyuma, mmoja ana chai, mwingine maziwa ya baridi. Jumapili iliyopita mke wa jirani, aliyeolewa juzijuzi, alikuwa anakaanga vitunguu ng'ambo ya ukuta. Harufu ikapanda, ikawafikia.

"Moto wake mkali mno," alisema dada mtu. "Nimwite nimwambie?"

"Mwache," alisema Mama Mwiko, amefumba macho. "Vikiungua atakata vingine."