Misumari ya Karantini

Seremala wa hoteli, ambaye wenzake humwita Misumari, ndiye aliyepigilia madirisha yote siku hoteli ilipogeuzwa karantini ya wasafiri. Wiki hiyohiyo dada yake akatoka ughaibuni, mzima buheri wa afya, akafungiwa humo.

"Kaka, humu hatupumui," dada alilalama nyuma ya mlango. "Jirani anakohoa, na kikohozi chake chote nakimeza mimi!"

Misumari akamwendea meneja, aliyekuwa bustanini akipunga upepo, eti kwa usalama wake.

"Bosi, tufungue madirisha. Ndani hakuna hewa."

"Hewa ndiyo inayobeba virusi, bwana wee! Ikitoka, mji umekwisha."

"Sasa waliomo wavute nini?"

"Wavute subira."

Misumari akacheka, maana mkubwa akitania, mdogo hucheka, akarudi kazini. Siku chache baadaye dada akashikwa na homa na kikohozi. Meneja akampigapiga Misumari begani.

"Umeona? Karantini imemnasa mgonjwa! Bila misumari yako, huyu angekuwa mtaani."

Safari hii Misumari hakucheka. Alipanda ngazi mchana kweupe, akaanza kung'oa, huku meneja akipiga mayowe kwamba fundi anataka kuua watu.