Chale za Bibi

Nimetoka kuiona ile katuni ya zamani ya kutufundisha kuchemsha maji, ndugu yangu, na nimerudi nyumbani nimenuna. Wameisafisha kwa kompyuta pale Iringa mjini. Kijana aliyeifanyia kazi alinivutia kiti, akanipa shikamoo yake vizuri, akasema, "Bibi, sasa ni mpya kabisa."

Wewe hukuwepo, ngoja nikueleze. Miaka ya sabini alifika kijijini kwetu, karibu na Nyololo, mchoraji wa serikali akitafuta sura ya mama wa katuni yake. Akamchagua bibi yangu. Alishinda jikoni kwetu akichora, anatokwa machozi kwa moshi wa kuni za miwati, anakula viazi vyetu vya kuchemsha kwa chumvi. Mimi nachota maji, bibi anapuliza moto, yeye anachora. Bibi alimpa sharti moja tu: "Usisahau chale zangu. Bila chale, wa kwetu watanijuaje?" Zilikuwa tatu kila shavu, alichanjwa akiwa mwali.

Gari la sinema lilipokuja, shuka ilitundikwa kwenye ukuta wa shule. Bibi akatokea, mkubwa kuliko mlango, anapuliza moto, chale zikimcheza mashavuni. Kijiji kizima kikamwamkia pale ukutani: "Kamwene, bibi!" Mwenyewe kajifunika mdomo kwa kanga, anacheka. Alifariki mvua zilizofuata. Picha hakuwahi kupiga, kwa hiyo sura yake ilibaki kwenye mkanda ule tu.

Basi leo taa zikazimwa, nikajiweka sawa. Akatokea mwanamke mmoja, mashavu laini kama yai, anapuliza moto. Nikamuuliza kijana chale ziko wapi.

"Ile mistari? Tulidhani ni mikwaruzo ya mkanda, bibi. Tumeitoa yote."

Nikamwambia airudishe. Akasema haiwezekani. Mkanda ulikuwa umeoza, unanuka siki, wakauchoma. Na nakala ya kwanza ya kompyuta, ile ya kabla ya kusafisha, wameifuta kupata nafasi.

Inauma, bwana. Jiko lile, moshi ule, hata ukuta wa shule, nilishazoea kwamba havipo. Lakini bibi nilijua yupo mahali, ndani ya kopo la bati la mkanda ule, na siku moja nitamwona.

Jioni hii wajukuu wameitazama katuni kwenye simu, wakaniuliza kama huyo ndiye bibi yangu. Nimewaambia siye.