Kwa nini nimechagua ualimu New South Wales: dakika kumi pamoja na mama mmoja Mkongo

Wakuu, salamu kutoka Sydney. Nimebadilisha mambo madogo ili mtoto asitambulike. Mengine ni kama yalivyotokea.

Nina miaka arobaini na saba. Nilikuwa aged care Guildford, naogesha na kulisha wazee. Hesabu nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya maktaba, break kwa break, hadi nikathubutu kuomba nafasi uni, chuo kikuu.

Kabla ya kuomba niliandika sababu za kufundisha jimbo hili. Walimu wa Hisabati wanatafutwa. Kazi ni ya kudumu. Likizo zinalingana na za wanangu.

Mke wangu akasoma, akauliza, "Na watoto wa watu mbona hawamo?"

Nikaikunja orodha, nikatuma maombi hivyohivyo.

Mwaka jana nikapelekwa prac, mazoezi ya kufundisha, high school moja upande wa Doonside. Ikafika siku ya wazazi. Nilikaa pembeni ya mwalimu msimamizi, kazi yangu kuandika tu.

Akaja mama Mkongo na binti yake. Msimamizi akasema kwa Kiingereza: huyu anaongoza Hisabati, tunataka apande class ya juu, ila kuna masomo ya ziada baada ya shule.

Mkalimani ni binti mwenyewe.

"Mama, anasema niko bien, niko sawa. Nibakie tu hapa."

Mama akashika mkoba aondoke. Msimamizi akaanza kurudisha fomu ya ruhusa ya mzazi kwenye faili.

Mwanafunzi wa ualimu haingilii. Nikaomba ruhusa.

"Go ahead," msimamizi akasema. Nikamweleza mama yote kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Akanikazia macho. "Kumbe! Papa, si ni wewe ulikuwa unaogesha wazee Guildford? Nilikuwa nafanya usafi kule."

"Ndiye mimi, mama. Sasa nasomea ualimu."

Akacheka, kisha akamgeukia binti. "Na wewe, sababu gani unanidanganya?"

Binti akajibu chinichini, "Who's gonna pick up the twins?"

Wadogo zake mapacha nani atawachukua? Mama yuko kazini warehouse, kwenye ghala, hadi jioni. Wakuu, msimlaumu mtoto. Huo haukuwa uvivu.

Mama akaivuta fomu. Kisha: "Mapacha ni yangu, haiko yako. Nitaongea na watu wa kanisa. Wewe uende."

Akasaini.

Leo nina ajira shule hiyohiyo. Juzi binti alinisimamisha kwenye korido na swali la Hisabati lililonitoa jasho. Yeye alikuwa ameshalimaliza.

Nilichojifunza: sababu zangu zote zilikuwa za kweli, ila zilinihusu mimi tu. Orodha nimeiandika upya, watoto wa watu wako namba moja. Mke wangu ameibandika kwenye friji.

Walimu mlio majimbo mengine, na mnaosita kwa sababu ya umri, orodha yenu inaanza na nini?