Sumu Iliyokula Kidole cha Mama Jeannette

Tuanze na kidole chenyewe. Kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, Mama Jeannette, fundi wa nguo aliyetoka Bukavu, alijichoma kwa sindano ya cherehani. Akafanya kama majirani wote: akafungua kidonge cha antibiotiki cha rangi mbili, akamwagia unga wake kwenye kidonda, akafunga kitambaa. Kesho yake kidonge kingine. Lo! Kumbe bakteria walioingia kidondani walikuwa sugu, dawa ile hawakuijali hata kidogo. Nyama ikaoza, kidole kikakatwa.

Binti yake Arlette, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara moja ya Lilongwe, alikasirika kweli. Usugu aliuelewa, lakini ni nini kilichoozesha nyama haraka vile? Alishuku sumu. Akachukua usaha wa kidonda kile, akawakuza bakteria wake maabara, akaanza kuisaka jeni yao ya sumu, yaani yale maelekezo wanayoyafuata kuitengeneza. Alitaka kuipachika ndani ya bakteria wapole wa maabara wamzalishie nakala za kusoma. Ikakataa. Akarudia, ikakataa tena. Dokta Mwale, bosi wake, akamwambia wazi kwamba kimeng'enya cha kuunganishia jeni kilichobaki kinatosha jaribio moja tu. Likishindikana, kazi inafungwa.

Na umeme nao, bila haya, ukakatika! Sahani za bakteria wa jaribio hilo la mwisho zikaanza kupoa. Arlette hakungoja mtu. Alipasha maji kwenye jiko la gesi, akayapima joto, akayatia kwenye chupa, akazipanga pamoja na sahani ndani ya sanduku la barafu lisilopitisha joto, kisha akafunika blanketi, vile mama yake anavyofunika unga wa mandazi uumuke.

"Unapika?" Dokta Mwale akamtania.

"Napika, dokta, ila usionje!"

Asubuhi akafunua. Madoa ya bakteria yaliyokuwa ya bluu hayakubeba jeni. Aliyoyataka ni meupe, ndiyo yaliyoibeba. Na meupe yalijaa tele! Arlette aliruka hadi kofia ikamdondoka. Akatoa DNA, akaiingiza katika kimashine cha kuisoma, kidogo kama simu. Herufi zikatiririka kwenye kompyuta. Akazilinganisha na jeni za sumu zinazojulikana, na moja ikalingana nazo mwanzo hadi mwisho. Akapiga simu kambini.

"Mama! Niliipata!"

"Njo ile ilikula kidole yangu?"

"Njo ile, ndiyo yenyewe!"

Jeannette akaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Iko na jina?"

"Iko nayo."

"Basi nipe jina yake, mwanangu. Dimanshi, siku ya Bwana, pa kanisa sitakemea tena kitu sijui. Nitaikemea kwa jina."