Mwenye Kandarasi ya Kansa Aliyepiga Magoti Mlangoni Kwangu

Asubuhi hiyo nilifungua mlango nikamkuta mwenye kandarasi ya serikali amepiga magoti kwenye matope, suti na yote. Mkononi ameshika kamba. Kwenye kamba kuna kondoo dume.

Jana yake mwanamume huyo huyo alikuwa amenitemea maneno mbele ya baraza zima.

Wacha nianze mwanzo. Mimi ni mjane, nasali rozari kila siku, na shule niliishia darasa la nne. Nimesoma visa vyenu humu, wengi mnasimulia habari za majini. Changu ni cha binadamu.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, Mwingereza akipambana na Mau Mau. Mimi ni Mmeru, lakini niliolewa Embu, huku Kanja. Serikali ilikuwa imetutoa mashambani ikatubana kwenye kijiji kimoja, na kukizunguka kuna handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha. Kutoka ni kwa pasi, karatasi ya ruhusa. Bila pasi ni risasi.

Mume wangu Mukiri alipigana kule Bama, Asia, akiwa katika Keya, jeshi la Mwingereza. Alirudi mzima. Halafu taya likaanza kuvimba, likavimba hadi jicho likaziba, na mwishowe uvimbe ukapasuka. Chakula chake kikawa uji, na nusu ya huo uji ulimwagika shingoni.

Ikatangazwa kwamba serikali inataka kujua askari wa zamani wenye kansa. Wakishaandikwa, lori litawapeleka hospitali Nairobi.

Kazi ya kuandika hawakupewa madaktari. Ilitolewa kwa kandarasi, na aliyeipata ni mtu wa kwetu Meru, Salesio, aliyekuwa karani misheni. Alitakiwa aingie nyumba kwa nyumba, auone uvimbe, auandike ulipo na ulivyo, kisha awe akirudi kuangalia nani yuko hai na nani amekwenda. Alilipwa kwa kila jina.

Watu walimfungia midomo. Siku hizo mtu akija kukuuliza jina leo, kesho unafuatwa na askari.

Kwangu alisimama mlangoni, kitambaa puani. Harufu ya Mukiri ilikuwa imemfikia.

Nikamwambia aingie aone.

"Naona vizuri kutoka hapa," akasema. Akaandika bila kuona kitu.

Kisha akataka kitabu cha jeshi cha Mukiri, eti bila hicho hawezi kuthibitisha. Nikakataa. Kitabu hicho ndicho kilichotulinda. Homugadi, askari weusi wa serikali, wakija na virungu, nilikuwa nakionyesha wajue huyu alimpigania mfalme.

Salesio akabadilisha lugha. Akaniuliza kwa Kimeru mimi ni binti wa ukoo gani. Nikamtajia ukoo wa baba yangu.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi wewe ni dada yangu wa gichiaro. Naomba hicho kitabu."

Kwa msiokuwa Wameru: gichiaro ni udugu ambao mababu wa koo mbili waliufunga kwa damu. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Ukimnyima, laana inakufuata wewe na nyumba yako, na hakuna wa kuiondoa ila yule uliyemnyima.

Mimi ni Mkristo. Mambo hayo niliyaacha kwenye maji ya ubatizo. Lakini nililelewa na mama aliyetoa mbuzi wake wa mwisho kwa mgeni wa gichiaro, na sisi tukalala njaa. Mkono wangu ulitoa kitabu kabla kichwa hakijakubali.

"Jina lake litaitwa kwenye baraza Manyatta," akasema, akaenda zake.

Siku ya baraza majirani walinisaidia kumfikisha Mukiri kwa machela, tukiwa na pasi. DO, Mzungu mkuu wa tarafa, alikaa kwenye kiti. Salesio akasimama kando yake, akaanza kuita watakaopanda lori.

"Mukiri, Keya, Bama."

Kabla sijainua mkono, mtu mbele akaitika. Alikuwa Kithaka, ndugu wa hedimani, mkuu wa kijiji chetu. Ana rovu shingoni, ni kweli, lakini vita pekee alivyowahi kupigana ni vya kwenye pombe. Mkononi alikuwa na kitabu cha jeshi cha mume wangu.

Wote walimjua Kithaka. Wote wakatazama chini.

Mimi nikasimama. Wakati ule mwanamke hakusimama barazani.

Nikamwambia Salesio kwa Kimeru, polepole, kila mtu asikie: "Uliniomba kwa gichiaro nikakupa. Sasa mimi nakuomba kwa gichiaro hiyo hiyo. Nipe nafasi ya mume wangu kwenye lori."

Nilikuwa na hakika alinidanganya kuhusu ukoo. Nilitaka tu watu wamsikie akisema hapana, wajue ni tapeli.

Akacheka. "Hii ni kandarasi ya serikali, mama. Siyo ushenzi wa nyanya yako. Kaa chini."

Kisha akamgeukia DO akamwambia kwa Kizungu. Sikujua Kizungu, lakini neno la kiapo nililijua, kwa sababu watu wetu walikuwa wakinyongwa kwa neno hilo. DO akainuka.

Aliyeniokoa sikumtarajia. Riungu, homugadi, Mmeru, bunduki begani, mtu ambaye tulikuwa tukimwona tunabadilisha njia. Akamwambia DO kwa Kiswahili: "Si kiapo cha msituni, Bwana. Ni udugu wa wazee wetu."

Akamgeukia Salesio. "Na wewe, ni kweli nyinyi ni wa gichiaro?"

Salesio akafunua daftari lake.

"Na umemnyima?"

Karani akaendelea kufunua kurasa.

Riungu akaondoka na bunduki yake akaenda kusimama upande wa pili wa baraza. Alisema hawezi kusimama karibu na mtu huyo.

DO akasema amechoka na porojo, lori linaondoka kesho asubuhi, majina ni yale yale. Tukambeba Mukiri tukarudi Kanja. Usiku huo nilimwombea kifo chepesi.

Ndipo kukapambazuka, na kondoo yuko mlangoni.

Kumbe Salesio hakuwa mwongo wa ukoo. Alikuwa wa gichiaro kweli, na alikuwa amenikatalia kweli. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyezika.

Akaniwekea kitabu cha jeshi miguuni. Akaniomba nipokee kondoo wa fidia, nimtemee mate ya baraka mkononi, laana imtoke.

"Mpeleke Mukiri kwenye lori kwanza," nikamwambia.

"Kithaka na hedimani wataniua."

"Hayo ni yako."

Akaingia ndani. Kitambaa hakutoa. Akainama, akampandisha Mukiri mgongoni, taya lile lililooza likalala juu ya shingo yake, na usaha ukaingia kwenye kola ya suti. Alimvusha daraja la handaki, akapanda naye mlima hadi barabarani lilikosimama lori, na mimi nyuma nikisali. Nikatoa kitabu cha jeshi, Salesio akakiri kwamba huyu ndiye Mukiri, na Kithaka akashushwa akitukana. Mukiri akapanda.

Salesio akaninyooshea kiganja. "Sasa."

Nikamwambia, "Mimi ni Mkristo, karani. Hayo siyaamini."

Mukiri alikatwa nusu ya taya akarudi. Aliishi nami hadi uhuru, bendera ilipobadilishwa, akifurahia mukimo laini wa viazi vya kupondwa na redio ya jirani.

Kandarasi ilimfia Salesio mikononi. Riungu alisambaza habari mpaka Meru, na hakuna nyumba iliyomfungulia mlango tena. Karani wa majina bila watu wa kumpa majina.

Yeye aliendelea kuja kwangu kuomba mate yale, miaka na miaka, hadi nywele zikawa nyeupe. Nilimpa chai. Nilimwambia aende akaungame kwa padri.

"Padri si wa gichiaro yangu," alisema.

"Ungelikumbuka hilo Manyatta."

Alipokufa nilienda mazishini, nikamsalia rozari nzima. Mate sikutema. Na yule kondoo nilikuwa nimempeleka misheni siku ile ile, masista wakamla bila kujua.

Somo langu ni hili. Usimfunge mwenzako kwa jambo ambalo wewe mwenyewe ukiombwa kwalo utaliita ushenzi.

Mimi gichiaro siiamini hadi leo. Lakini yeye aliiamini, na mimi nilijua anaiamini.