Mume Wangu Hashtuki

Mume wangu hashtuki. Mapacha wetu walipozaliwa, aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Wawili," kisha akaniuliza kama nimekula. Mimi hulia hata maziwa yakifurika jikoni.

Mwaka juzi tulitoka Biharamulo kwa pikipiki yake kuukuu kwenda kuwasalimia wazazi wangu Keza. Nilikaa nyuma, nimempakata jogoo wa zawadi. Kwenye mlima wa mwisho tairi lilipanda jiwe, mimi na jogoo tukabaki kwenye majani kando ya njia. Sikuumia. Nilimwita, nikamwita tena. Pikipiki ikapanda mlima na kupotea.

Yaliyofuata nyumbani nilisimuliwa na mama. Mume wangu aliegesha pikipiki, akavua kofia, akamwamkia kila mtu, shikamoo moja moja, mpaka bibi aliyekuwa amejilaza ndani.

"Marahaba, mwanangu," mama akamjibu. "Na mwenzako?"

"Yuko njiani."

"Anakuja na nani?"

"Na jogoo."

Baba akamkaribisha, akammiminia pombe ya ndizi. Nilipoingia uani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, jogoo kwapani, nilimkuta yuko kwenye kikombe cha pili.

"Nimeanguka," nikasema kwa hasira.

"Najua. Nilisikia pikipiki imepata nguvu."

"Ukashindwa kusimama?"

"Ule mlima, ukisimama katikati, haiondoki tena. Tungeisukuma wote wawili." Akafikiri kidogo. "Sasa wewe umetembea tu."

Nilimgeukia baba anitetee. Baba, ambaye naye ana pikipiki, alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanamcheza. Nilitaka kulia, nikaona hata jogoo ametulia kuliko mimi. Kicheko kikanishika mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Mume wangu akanisogezea kigoda.

Hata hivyo hasira haikuisha yote. Kesho yake tulipoanza safari ya kurudi, nilijiapiza kwamba sitamsemesha mpaka Biharamulo. Tukiwa tunateremka mlima uleule akauliza, "Upo?"

Nikanyamaza.

"Upo?"

Akapeleka mkono mmoja nyuma, akapapasa, akakuta goti langu.

"Upo," akasema, akaongeza mwendo.