Samaki wa Maji Moto Tuliyemsoma

Siku yangu ya kwanza kazini, pale maabara Nakuru, nilipewa ini la kuku na wembe. Mkuu wa Maabara, mama mkali ajabu, akaniambia, "Wewe na digrii yako, kata. Kidogo kama punje ya mchele, halafu tia kwenye friza haraka. Nyama ikioza hakuna cha kusoma."

Vijana, msidhani ulikuwa uchawi. Ndani ya seli kuna jenomu, yaani maandishi yote ambayo mnyama amerithi. Tuliyapanga kwenye kompyuta, ya samaki, chura, kuku, mbuzi na binadamu, mstari chini ya mstari. Pale wote wamebaki sawa tangu enzi na enzi, tulijua hapaguswi. Mabadiliko hapo huua. Pale mmoja amebadilika peke yake, tuliuliza kwa nini. Kazi hiyo iliniharibia macho.

Baadaye nikahamishiwa kazi ya nje ya maabara, chini ya Mkurugenzi wa Utafiti. Kando ya ziwa moja palikuwa na chemchemi ya maji moto, na ndani yake visamaki vya ukubwa wa kidole, visivyopatikana kwingine kokote. Tulitaka kuvilinganisha na ndugu zao wa maji baridi, tuone ni mabadiliko gani yaliyovifanya vivumilie moto ule. Lakini ziwa lilikuwa linapanda, limeshameza shamba la jirani.

"Daktari, tubebe wengine wakiwa hai," nikamwambia Mkurugenzi. "Maji yakifika hapa wamekwisha."

"Kibali chetu ni cha kuchukua vipande vya nyama tu. Sisi tunasoma, hatufugi. Na ndoo usinipakilie kwa gari."

Nilikasirika, lakini nikashika wembe. Tukachukua wachache, tukawakata, tukaenda zetu.

Ziwa likafika. Niliporudi nilikuta maji baridi tu na miti iliyokauka imesimama ndani. Tulivuta nyavu mpaka mikono ikafa ganzi, wapi! Hata mmoja. Kumbe kompyuta nayo ilikuwa imemaliza: jenomu nzima ya samaki wale, safi, kazi bora kuliko zote nilizofanya. Kwenye mkutano wa watafiti tukapigiwa makofi. Mimi nikaenda kulia chooni.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa Dundori. Majuzi Mkurugenzi alikuja, naye siku hizi ni mzee wa mkongojo. Akanywa chai, akazungukazunguka na maneno, kisha akatoka kuchungulia tangi langu la maji nyuma ya nyumba. Kwa baridi hii ya Dundori, jamani!

"Mama Chebet," akasema, "wewe hukuwa mtu wa kuambiwa ukasikia. Miaka hii yote nimekuwa nikiomba Mungu uwe umeiba siku ile hata samaki wawili."

"Hapana, Daktari," nikamjibu. "Siku ile nilikutii."